Mashuka Meupe ya Chumba Namba Tatu

Nalasi, Tunduru
10 Juni 2024

Kwa Bi Kunegunda Mbawala,
Mkuu wa Vyumba, Mkorosho Hoteli, Songea.

Salaam. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu kwa kila hali. Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu mume wangu, Mzee Bakili, atangulie mbele ya haki. Niko eda. Miezi minne na siku kumi sitoki hapa nyumbani, sijipambi, sijitii manukato, na simu nimeizima kwa sababu kila anayepiga kunipa pole anamalizia kwa kuulizia korosho. Kwa hiyo tutaandikiana. Barua atazileta na kuzichukua mwanangu Bashiru, ambaye gari lake linakuja Songea kila wiki. Tena barua ina faida yake: ukishaandika, huwezi kusema kesho kwamba hukusema.

Orodha yako ya mwezi wa tano nimeiona. "Mablanketi mazito arobaini na nane, yaangaliwe yaliyochakaa." Nimeikuta imekunjwa vizuri katika mfuko wa koti la marehemu, pamoja na leseni yake. Mwanamume anatunza orodha ya mablanketi kama cheti cha ndoa.

Sasa nakwambia. Mirathi imesomwa na hoteli imekuja kwangu. Hoteli za siku hizi hazitandiki mablanketi ya kahawia kama bweni la shule. Nimeona picha za hoteli za Dar es Salaam: duveti nyeupe, nyepesi, imenyooka, na mito minne. Nimeagiza duveti ishirini na nne, moja kila kitanda, na Bashiru anakuletea pamoja na barua hii. Mablanketi yote yafungiwe stoo. Hapa Nalasi mwezi wa sita tunajifunika shuka moja, na alfajiri tunalitupa chini. Sidhani Songea iko nchi nyingine.

Na usiniletee maneno ya "Mzee alikuwa anasema". Mzee hasemi tena.

Wako,
Saada, mjane wa Bakili


Mkorosho Hoteli, Songea
14 Juni 2024

Mama Saada,

Shikamoo. Pole tena kwa msiba. Sisi wa vyumbani tulilia wote, na mimi nilifunga siku nzima kumwombea.

Duveti nimezipokea. Ni nzuri kuangalia. Ukizishika zinateleza kama mfuko wa rambo. Hizi ni za watu wenye viyoyozi, wanaolipia baridi ili wajifunike. Sisi baridi tunapewa bure. Songea haiko nchi nyingine, mama, lakini iko juu, na hoteli yako imeegemea milima ya Matogoro. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka saa kumi na moja jioni na hauondoki mpaka saa tatu asubuhi. Ukisukutua kwa maji ya bomba meno yanauma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na baridi ya Matogoro aijuaye ni aliyeilala.

Kitanda hakitandikwi kwa picha. Miaka kumi na sita nimetandika hivi: kuanzia Mei mpaka katikati ya Agosti, mablanketi mawili kila kitanda. Vyumba vya upande wa mlima yote mawili mazito; vya upande wa barabara moja zito na moja jepesi, kwa sababu ukuta wao unashika jua la mchana. Mgeni mzee namwongezea la tatu bila kumuuliza. Wageni wa kwenu Tunduru nao nawaongezea, maana huja na shati la mikono mifupi na hawakubali kwamba wanasikia baridi mpaka wameanza kukohoa. Septemba natoa mazito. Oktoba mpaka mvua zianze, mashuka tupu. Utaratibu huu sikuusomea. Mgeni akiamka tu na kwenda kunywa chai, naingia natia mkono chini ya shuka, naona kama alilala na joto au alikesha amejikunyata.

Nakuomba uniruhusu ningoje hadi Agosti. Sikufichi kwamba nimekasirika. Umenipa amri juu ya baridi ambayo hujailala hata siku moja.

Mtumishi wako,
Kunegunda Mbawala


Nalasi
20 Juni 2024

Kunegunda,

Sikukuomba utabiri wa hali ya hewa. Tandika duveti.

Na kwa kuwa umeanza kunihesabia miaka kumi na sita, na mimi ninayo yangu. Kila msimu ulipogeuka, Mei na Septemba, mume wangu alifunga begi akasema, "Saada, naenda Songea, kuna mambo ya mablanketi." Siku nne. Mara nyingine tano. Nikimuuliza blanketi linahitaji siku tano za nini, anacheka. Kiwanda kizima cha mablanketi kingekaguliwa kwa siku mbili.

Mimi si mtoto. Nilinyamaza kwa heshima ya nyumba yangu, na sasa aliyenifanya ninyamaze hayupo. Basi usinifundishe mambo ya kitanda, Kunegunda. Hasa wewe.

Saada


Mkorosho Hoteli, Songea
1 Julai 2024

Mama Saada,

Shikamoo. Nitaanza na vitanda, kwa sababu nikianza na lile jingine kalamu itachana karatasi.

Duveti nilizitandika siku ile ile barua yako ilipofika. Tarehe 27 asubuhi nilikuta mapazia ya vyumba vitano yameshushwa. Wageni wako walikuwa wamejifunika mapazia. Mwalimu Joachim, mstaafu wa miaka sabini na minne aliyekuja kutibiwa macho, nilimkuta amekaa mapokezi amevaa soksi mikononi, na pazia la maua limemning'inia mabegani kama joho la padri. Huyo ni mtu wa Madaba. Madaba wanaijua baridi tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao, na mtu wa Madaba akilalamika ujue mambo yameharibika. Akaniambia, "Mama, kwangu ni nyumba ya tope, lakini blanketi ninalo." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku hiyo hiyo nilifungua stoo. Mablanketi yote arobaini na nane yamerudi vitandani. Sikuomba ruhusa yako na sitaiomba. Nifukuze ukitaka, lakini mzee wa watu hatakufa kwa baridi juu ya kitanda nilichotandika mimi.

Sasa lile jingine. Mimi ni mke wa Polikarp Mbawala kwa ndoa ya kanisani, mwaka huu wa ishirini na nane. Nina watoto watano. Leticia wangu wa kwanza ameshanifanya bibi. Nyumba yangu iko hapa Matogoro, na jua likizama mimi niko jikoni kwangu, muulize yeyote. Sijawahi kuwa chumba kimoja na marehemu mlango ukiwa umefungwa. Alichokuwa anafanya hapa siku hizo nne nakijua. Hakina aibu yoyote. Lakini aliniomba nisikwambie, nami nilimwahidi. Aliye hai ungeweza kumrudia ukamwomba akufungue. Huyu aliyekufa nimwendee wapi? Kwa hiyo nanyamaza, ila nanyamaza kwa hasira, mama, na ulijue hilo.

Kunegunda Mbawala


Nalasi
12 Julai 2024

Kunegunda,

Bashiru amenieleza habari za mapazia. Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka nikiwa eda. Mablanketi yabaki. Duveti mpe Bashiru azirudishe zilikotoka.

Lile la ahadi silipokei. Mwanamume anayemficha mkewe jambo, akampa mwanamke mwingine alitunze, hata likiwa dogo kama punje ya ulezi, amekosa. Na huyo anayelitunza amekosa pia. Sitakuuliza tena. Nitakuja mwenyewe.

Eda yangu inakwisha mwishoni mwa Septemba. Tarehe 5 Oktoba nitafika Songea, nami nitalala chumba namba tatu. Bashiru ameniambia ndicho alichokuwa akilala baba yake. Joto litakuwa limeanza. Nataka nikute vitanda vyote vimebadilishwa kwa kiangazi, na mablanketi yamehifadhiwa vizuri. Mashuka yawe pamba tupu, meupe, mepesi, yasiyong'aa wala kuteleza. Si unasema kazi unaijua? Basi nione.

Nikiridhika, utabaki. Nisiporidhika, miaka yako kumi na sita itaishia siku hiyo.

Saada


Mkorosho Hoteli, Songea
28 Septemba 2024

Mama Saada,

Shikamoo, na hongera kwa kumaliza eda salama.

Mashuka nimepata. Sikwambii ni kitambaa gani, nataka mkono wako wenyewe ukwambie. Nilizunguka maduka ya mjini wiki nzima. Huku naonyeshwa mashuka ya mauamaua, kule naonyeshwa yale ya kuteleza. Mwisho nikaingia kiduka kimoja nyuma ya soko, mwenyewe ni mzee mwenye alama ya swala kwenye paji la uso, mpole ajabu. Pale ndipo nilipokiona. Pamba tupu. Ukikishika unasema mwili wa mtu utapumua humu. Zulfa wa vyumbani, binti wa huko kwenu Tunduru, ameshona pindo kwa cherehani siku sita mfululizo.

Mablanketi yamefuliwa, yameanikwa juani siku tatu, yametiwa dawa na kufungwa stoo, na mwaka huu nondo watakula hewa. Dawa iliyobaki nimeitia kwenye makabati na chini ya mito ya vyumba vyote. Ni harufu safi niliyoizoea tangu usichana, nilipokuwa nafua nguo za altare kwa masista.

Chumba namba tatu nimekitandika mimi mwenyewe. Sikumruhusu mtu mwingine akiguse. Karibu, mama. Ukilala humo utajua kama mimi ni mwizi wa waume za watu au ni mtandika vitanda.

Kunegunda Mbawala


Tunduru mjini
6 Oktoba 2024

Kunegunda,

Naandika nikiwa kwa dada yangu, kwa sababu nilishindwa kulala Songea na sikuweza kufika Nalasi.

Nimetoka eda juzi tu. Miezi minne na siku kumi sikujitia hata tone la marashi. Jana asubuhi nilijifukiza udi kwa mara ya kwanza, nikavaa gauni jipya, nikapanda gari la mwanangu. Nikafika. Nikafungua mlango wa chumba namba tatu. Kafuri! Chumba kizima kinanuka kafuri. Na kitandani bafta. Bafta nyeupe, mpya, imenyooshwa pembe kwa pembe.

Hujui bafta ni nini? Ndiyo sanda tunayowavika maiti wetu. Hujui kafuri ni nini? Ndiyo tunayowapaka baada ya kuwaosha. Mume wangu alitolewa nyumbani kwangu amevikwa kitambaa hicho, ananukia harufu hiyo, na hiyo ndiyo mara ya mwisho alipita mbele yangu. Wewe umenitandikia kitanda cha maiti, katika chumba chake, na ukaniandikia kwa majivuno kwamba hukumruhusu mtu mwingine akiguse!

Nimelia mbele ya wafanyakazi wangu. Mapokezi, nimekaa sakafuni, na wanunuzi wawili wa korosho wananitazama. Msiba mzima sikulia mbele ya watu, walinisifu kwa subira yangu. Wewe umeimaliza kwa dakika moja. Na wale wanunuzi waliposikia kilicho vitandani walichukua mabegi yao wakaondoka, na nani atawalaumu?

Ulitaka kuniambia nini? Kwamba nimfuate? Kwamba yule alikuwa wako na mimi iliyobaki kwangu ni sanda?

Kazi huna. Usikanyage tena hoteli yangu. Na nitawaambia wenye hoteli wote wa Songea ni kwa nini.

Saada


Matogoro, Songea
9 Oktoba 2024

Mama Saada,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikaa chini. Mara ya pili nililia kwa ajili yako. Ya tatu nililia kwa ajili yangu. Ya nne nilikasirika, na hivyo ndivyo nilivyo sasa hivi ninapoandika.

Ningejuaje? Kwetu marehemu anavalishwa suti yake au gauni lake la Jumapili, analazwa ndani ya jeneza na rozari mkononi. Kwetu kitambaa cheupe ni cha altare, ni cha komunio ya kwanza, ni cha kitanda cha bibi harusi. Kafuri niliijua kwenye kabati la masista, katikati ya mavazi ya misa. Ulisema pamba tupu, nyeupe, nyepesi, isiyong'aa. Mama, hebu yarudie maneno yako mwenyewe, kisha uniambie umekieleza kitambaa gani kingine.

Na yule mzee wa duka! Leo ndiyo namwelewa. Nilipokishika kile kitambaa nikamwambia nataka kingi, akasema, "Poleni sana, mama." Nikadhani anatupa pole ya Mzee Bakili, nikamjibu tumeshapoa. Akauliza, "Wangapi?" Nikamwonyesha kwenye daftari langu: 24. Akajishika kichwa. "Ajali?" Nikamwambia hapana, baba, ni msimu tu. Akaingia ndani akatoka na mfuko mzima wa kafuri, akanipa bure, akakataa hata shukrani, akasema Mungu ndiye atakayemlipa. Nilitoka pale namsifia njia nzima. Nikawaambia nyumbani, Waislamu ni wakarimu jamani.

Basi kwa kutojua kwangu nakuomba radhi, tena nimepiga magoti. Kilio chako cha pale mapokezi nitakibeba mpaka nife. Lakini kwa hilo la kukusudia sikuombi radhi hata kidogo! Silikubali. Umelichafua jina langu kwa barua, na sasa unataka kulichafua kwa midomo ya mji mzima. Mume wangu Polikarp amesoma ulichoandika. Hajasema neno. Anakula, anakwenda shamba, anarudi, hasemi. Wewe unajua kunyamaziwa na mume kulivyo, kwa hiyo najua utanielewa.

Kwa hiyo ahadi naivunja. Marehemu anisamehe.

Mzee Bakili alikuwa anakuja Songea kulala. Basi! Alikuwa analala. Anafika jioni, anauliza, "Mablanketi yako tayari?" Anaingia namba tatu, anajifunika gubigubi, anaibuka kesho yake adhuhuri. Anaswali, anakula ugali na samaki wa mbelele, anarudi kitandani. Siku nne namna hiyo. Septemba vilevile, na shuka moja, dirisha la mlimani likiwa wazi. Alisema tangu awe mkubwa wa wakulima hajapata usiku mmoja mzima Nalasi. Huyu anabisha hodi kwa habari ya mashine ya kupulizia dawa, yule binti yake anaposwa, yule na jirani yake wamegombania mpaka wa mikorosho. Nikamuuliza, mzee, mbona humwambii mama? Akasema, "Nikimwambia Saada nasafiri njia yote hii kwenda kulala, ataona kitanda chake kimenishinda. Bora aone nafuata mablanketi."

Huo ndio uzinzi wetu, mama. Mimi nilichagua blanketi na yeye akakoroma.

Kunegunda, mke wa Polikarp Mbawala


Mkorosho Hoteli, Songea
11 Oktoba 2024

Kwa Mama Saada,

Shikamoo mama. Mimi ni Zulfa, wa vyumbani, mwaka wa nne sasa. Mama Kunegunda hajui kwamba nakuandikia.

Mama, kosa ni langu. Mimi ni Muislamu, nimezaliwa Tunduru, marehemu bibi yangu alikuwa anaosha maiti. Lile jora la kitambaa lilipoingia tu nilijua ni nini. Nikaanza kumwambia, "Mama, kitambaa hiki…" Akanikata kauli: "Zulfa, nimeajiri mikono yako, mdomo wako upeleke kwenu." Siku ya pili nikajaribu tena, habari ya kafuri. Akasema natafuta sababu ya kukwepa kazi. Nikaogopa, nikanyamaza.

Nikajiambia, sanda haishonwi pindo. Nikiyashona pindo pande zote nne yatageuka, yatakuwa mashuka. Ndiyo maana nilikaa na cherehani siku sita. Kila shuka nilianza na Bismillahi. Nilidhani nayatoa kwenye msiba. Ulipofungua mlango nilikuwa koridoni na ndoo, nikaona uso wako, nikajua pindo hazikusaidia chochote.

Jana nilikwenda Matogoro nikamwambia yote. Nilidhani atanifukuza kwake. Alinimiminia chai. Akasema, "Kumbe ninyi mnaniogopa kiasi cha kuniacha nitumbukie shimoni mnaona." Na ndivyo ilivyo. Ni mkali, mama. Lakini ubaya wa kumtandikia mtu kifo hana.

Na habari ya Mzee ni kweli. Chai nilikuwa nampelekea mimi na kuiacha mlangoni. Mara nyingi niliichukua ilivyo, imepoa, maana hajaamka. Siku za kuja kwake sote tulitembea koridoni bila viatu.

Nimekubali adhabu yoyote, ila yeye arudishwe.

Zulfa


Nalasi
17 Oktoba 2024

Mama Leticia,

Salaam. Barua yako na ya Zulfa zilifika siku moja. Nilizisoma, nikamwita Bashiru anisomee tena kwa sauti, kwa sababu macho yangu nilikuwa siyaamini.

Nimeyarudia maneno yangu ya Julai kama ulivyonitaka. Ni kweli. Niliagiza sanda kwa mkono wangu mwenyewe. Kama wewe ungemuuliza Zulfa, au mimi ningeuliza mtu yeyote aliyewahi kulala Songea, yasingetufika haya. Tulipenda kuamuru, sote wawili.

Rudi kazini Jumatatu. Karatasi ya pili iliyo ndani ya bahasha hii si yako, ni ya mumeo. Nimemwandikia Polikarp kwamba nilimsingizia mkewe, kwamba niliyoyaandika yalikuwa uongo, na nimetia sahihi yangu mbele ya Bashiru na imamu wetu. Mpe aisome peke yake. Asipotosheka nitakuja Matogoro nimwambie kwa mdomo.

Yale mashuka Zulfa ayafumue pindo, Bashiru atayapeleka msikitini pamoja na kafuri. Wapo wanaokufa wakiwa hawana hata wa kuwanunulia kitambaa. Madirisha yote yakae wazi siku tatu. Mapya mwende kuyachagua wawili, wewe na Zulfa, na akisema hapana iwe hapana, hata kama mdomo wake hukuuajiri. Mwezi wa tano mablanketi yatandikwe unavyojua wewe. Usiniandikie kuniomba ruhusa.

Ila usidhani hasira yangu imekwisha kwa kuwa nimekurudisha. Imehama tu, imemfuata mwenyewe. Kulala! Miaka kumi na sita nimezihesabu siku zake za Songea kwa kidole, akirudi nanusa shati lake kabla ya kulifua, natafuta mwanamke mle ndani, kumbe mtu ametoka kukoroma! Angeniambia, "Saada, nimechoka, nataka kulala." Maneno manne. Ningefunga lango mimi mwenyewe. Ningekaa barazani na mwiko mkononi, na hakuna mtu wa Nalasi ambaye angepita, si wa mashine ya dawa, si wa posa, si wa mpaka. Nisingeumia kwa kuwa kitanda changu kimemshinda. Ningekihamisha, ningekibadilisha, ningekipeleka hata juu ya mlima kama ni baridi aliyoitaka. Alinionea huruma bila kuniuliza, akaniacha niumie kwa jambo ambalo halikuwapo.

Haya yote nataka kumwambia, tena kwa ukali, na ajibu. Lakini Bashiru hana gari la kufika huko aliko baba yake. Ndiyo maana tangu Juni nilikuwa nakuandikia wewe.

Saada, mke wa Bakili